Kila R Igeuzwe L

Mastula Farajala alikuwa amekufa mwaka wa tisa sasa, na kila asubuhi alipita kando ya kaburi lake akienda kazini.

Lilikuwa Mafubira, nyuma ya nyumba ya Mama Santa, limefunikwa na matembele. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya wanajeshi iliyowapendelea Wanubi ilipoanguka, wale wa Jinja walitafutwa nyumba kwa nyumba. Kosa lao ni kwamba babu zao walikuja na bunduki kutoka Sudan, zamani ambazo hata wazee hawakuzikumbuka vizuri. Mama Santa, Msoga aliyeuza chumvi na sabuni kwenye barabara ya Buwenge, alimficha Mastula darini. Kisha akakata mgomba, akaufunga sanda, akauzika kama Wasoga wafanyavyo kwa mtu wao ambaye maiti yake haikuonekana. Akalia kwa sauti kubwa mpaka majirani wakaja kumsaidia kulia. Waliofika na mapanga walionyeshwa udongo mbichi, wakaridhika. Baada ya mwezi mmoja msichana akashuka darini akiitwa Kagoya, mpwa aliyetoka Buwenge.

Jina peke yake halikutosha, ilibidi ulimi nao uhame. Msoga akiikuta R mwanzoni mwa neno au baada ya A huifanya L: Rajab huwa Lajabu, ruhusa huwa luhusa. Wanubi wao huipiga R yao ikasikika, na katika mwaka ule R iliyosikika ilitosha kumuua mtu. Mastula alifanya mazoezi kule darini, akinong'ona mchana kutwa. Siku alipokanyaga msumari akapiga yowe la Kisoga, Mama Santa alisema sasa anaweza kwenda sokoni.

Kitu kimoja tu ndani yake kilikataa kuhama. Siku ya kukimbia, lori la kwenda Mbale lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mastula alimsukuma juu mdogo wake Ramula, wa miaka kumi na minne, na tangu hapo hakujua kama alimsukuma kwenye uhai au kwenye kifo. Mawazo hayo yalimla. Mtu anaweza kubadili jina, lugha na sala zake akaendelea kula na kulala, lakini swali la namna hiyo humfuata mpaka bafuni.

Ndiyo maana alipata kazi Ofisi ya Waliopoteana na hakuiacha. Watu wa misaada waliifungua Jinja mwaka wa themanini na tatu, ndani ya kiwanda cha nguo kilichokufa. Kiwanda kiliporwa mpaka vitasa vya milango, ila kompyuta yake ilibaki kwa sababu moja tu: ilikuwa pana kuliko mlango. Ilikula kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, kadi moja kwa mtu mmoja. Boksi za kushoto zilikuwa za Wanaotafutwa, na za kulia za Walioonekana, waliohesabiwa na makarani kambini, hospitalini na makaburini. Aliye hai alitobolewa H, aliyekufa alitobolewa F. Programu ilisoma kushoto, ikasoma kulia, na majina yalipofanana ikachapa karatasi ya kupelekewa ndugu.

Aliyeiandika ni Isabirye, mwanamume mpole mwenye kikohozi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo COBOL. Ndiye aliyemfundisha Kagoya.

"Lugha hii ni kama Kiswahili cha kambi ya jeshi," alimwambia siku ya kwanza. "Maneno mengi, na yote ni amri. Soma! Peleka! Linganisha! Simama!" Akacheka, bila kujua kwamba anayemwambia alizaliwa kambini na amri hizo ndizo zilizomlea.

Mwezi wa saba mwaka wa themanini na tano, wanajeshi walipopinduana tena, Isabirye alichukuliwa na gari lisilo na namba. Hakurudi. Kagoya akabaki na programu, na kiti chake ambacho hakuna aliyekikalia. Programu ile aliijua mstari kwa mstari, kama watu wengine wanavyojua sala. Aliweka humo kadi ya kumtafuta Isabirye. Aliweka pia ya kumtafuta RAMULA FARAJALA, na kwenye nafasi ya anayetafuta akaandika Kagoya wa Mafubira. Miaka ikapita, kadi zile mbili zikiingia na kutoka mikono mitupu.

Halafu mwaka wa themanini na saba ikaja fomu kutoka Mafubira. Karani alikuwa amezunguka akihesabu makaburi ya vita, na katika mstari wa kumi na moja aliandika alivyosikia: Mastula Falajala, amekufa 1979. Kagoya aliisoma mara tatu. Kuikataa kungeleta maswali. Akaketi mbele ya mashine ya kutobolea, akabonyeza herufi moja moja, F-A-L-A-J-A-L-A, na mwisho F ya kifo. Matundu yalipotoka aliona baridi kwenye vidole, akaiweka kadi katika boksi la kulia pamoja na maiti wenzake.

Mwaka uliofuata, Wamboga alitoka Mbale na kompyuta ndogo iliyokaa juu ya meza kama redio.

Wamboga alikuwa Mgisu aliyesomea Nairobi, kijana mkarimu, mwenye kalamu nne mfukoni na haraka isiyokwisha. Makao makuu yalikuwa yameamua kuunganisha orodha za Jinja na za Mbale kwa mara ya kwanza, na kubakiza programu moja. Ama ya Isabirye, kwa COBOL, ama yake, kwa lugha nyingine, Pascal. Madamu Nabifo, mkuu wa ofisi, akatangaza mashindano: majina yale yale, siku moja, watu wote wakiona. Boksi saba za kadi ziliteremshwa kutoka Mbale, zimeshatobolewa huko huko, na Wamboga alikuwa na majina hayo hayo kwenye disketi.

"Tatizo la COBOL yenu ni maneno," alisema Wamboga akiunganisha nyaya. "Kujumlisha mbili na mbili inataka hotuba. Pascal ni fupi. Na tena ni kali: kila kitu lazima utangaze mapema ni cha aina gani. Namba ni namba, herufi ni herufi. Hakuna kujifanya."

"Na anayejifanya?" aliuliza Kagoya.

"Inamkataa kabla kazi haijaanza."

Kagoya akainama kupanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Pascal ilitumia dakika tisa. Wamboga hakumaliza hata chai yake. Jozi mia mbili na kumi na mbili, zimechapwa kwa herufi nzuri, na wote ofisini wakapiga makofi, Kagoya akiwemo. Haki ya mtu apewe. Kisha mashine kubwa ikawashwa, taa za dari zikafifia, na kisomea kadi kikaanza kupiga kelele ile ya mvua ya mawe kwenye bati. Ilikwenda saa moja, saa mbili, saa tatu. Wamboga akasinzia. Jozi ya mia mbili na kumi na mbili ilipochapwa, Kagoya alinyoosha mkono kuzima printa, kwa maana alijua imefika mwisho.

Printa haikusimama. Ilitulia kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, ikaendelea.

Ilichapa jozi arobaini na saba zaidi. Kagoya alizisoma zikitoka. Rajab wa kushoto amepatana na Lajab wa kulia. Ramadhani na Lamadhani. Zote zilitoka katika daftari moja la Nakaloke, nje ya Mbale, lililoandikwa na mwalimu wa madrasa, mtu aliyejua R ni R na L ni L. Makarani wa Jinja kwao herufi hizo zilikuwa ndugu wa chungu kimoja, na kwa kuwa wote walikosea kwa namna moja, orodha ya Jinja haikuwahi kugombana na yenyewe. Leo ndiyo mara ya kwanza ilikutana na mtu mwenye R.

Jozi ya thelathini na moja ilikuwa hii.

ANATAFUTWA: MASTULA FARAJALA. ANAYETAFUTA: MDOGO WAKE RAMULA, NAKALOKE. AMEONEKANA: MASTULA FALAJALA, MAFUBIRA. F.

Akaketi pale alipokuwa, na pale alipokuwa palikuwa kwenye kiti cha Isabirye. Ramula yu hai! Yu hai, yuko Nakaloke, mwendo wa siku moja tu, na alikuwa akimtafuta. Miaka yote hiyo kadi zao zilikaa upande mmoja, wa kushoto, moja Jinja na moja Mbale, na hata leo zilipokutana hazikujuana, kwa sababu hakuna aliyeiamuru lugha yoyote kati ya hizo mbili iulize jambo jepesi hivi: je, huyu anayetafuta, naye hatafutwi?

"Hizi ni nini?" Wamboga alikuwa amesimama nyuma yake. "Farajala na Falajala? Hayo ni majina mawili. Programu yako inaotea."

"Haina sheria hiyo," alisema Kagoya. "Inalinganisha herufi kwa herufi. Naijua."

"Basi imeipata wapi?"

Wakafungua droo ya programu, kadi elfu moja na mia mbili, wakazipitia pamoja na nakala iliyochapwa. Katikati, mahali ambapo nakala ilipita moja kwa moja, kulikuwa na kadi sita ambazo Kagoya hakuwahi kuzishika. Wamboga akazisoma kwa sauti, akifasiri. Chunguza jina la kushoto, kila R igeuzwe L. Chunguza jina la kulia, kila R igeuzwe L. Linganisha upya. Kadi ya tano ilikuwa ya maelezo tu, ile ambayo mashine huiruka: KAMA WATU WASEMAVYO. ISABIRYE. 14-09-85.

"Huyu si ndiye aliyechukuliwa mwezi wa saba?" aliuliza Wamboga.

"Mwezi wa saba."

"Atakuwa alikosea kutoboa mwezi."

"Labda."

Ufunguo wa droo ulikuwa mmoja, shingoni mwa Kagoya, tangu siku ile ya gari lisilo na namba. Hakumwambia Wamboga. Hakumsomea pia kadi ya sita, aliyoiona akaifunika kwa kiganja. Ilisema: KAGOYA USIONDOE.

Mchana huo walibishana mbele ya Madamu Nabifo. Wamboga hakuwa mtu mbaya, na ninavyoona mimi nusu ya haki ilikuwa yake. Alisema lugha inayolegeza herufi italegeza na ukweli. Leo itamwunganisha Rajab na Lajab, kesho itampa mama mtoto asiye wake. "Pascal ingeweza kuambiwa hivyo hivyo kwa mistari miwili," alisema. "Sikuiambia kwa makusudi. Afadhali programu inyamaze kuliko kusema uongo."

"Na wewe, Kagoya?" aliuliza Madamu. "Jozi hizi ni za kweli?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Akisema si za kweli, karatasi itatupwa, na Ramula atatafuta mpaka azeeke. Akisema ni za kweli, Ramula ataletewa mhuri kwamba dada yake amekufa. Kulikuwa na jibu la tatu, nalo lilitaka mtu aseme jina lake. Mume wa Madamu Nabifo alitolewa kitandani na wanajeshi waliosema Kiswahili, na Madamu hakuwa amesahau hata neno moja la walichosema. Ofisini kwake watu walisema Kiganda na Kiingereza. Kiswahili kiliachiwa askari wa langoni.

"Sijui, Madamu," alisema Kagoya.

Niseme wazi: aliogopa. Miaka tisa ya kuogopa haiishi kwa sababu printa imetoa karatasi.

Madamu akaamua anavyoamua mtu mwenye busara. Watu wa Nakaloke wapelekewe jozi zao, waseme wenyewe. Saa tisa karatasi arobaini na saba zenye mhuri zikaondoka na dereva. Kagoya alisimama dirishani akiziangalia zikipandishwa garini.

Siku ya tatu, asubuhi, hakwenda kwenye meza yake. Aliingia kwa Madamu Nabifo bila kubisha hodi na akasema kwa Kiswahili, kwa R zote alizokuwa amezimeza:

"Madamu, mimi si Kagoya. Mimi Mastula Farajala, mtu ya Jinja, Mnubi. Ile kadi ya maiti ya Mafubira ni mimi. Niliitoboa mwenyewe."

Madamu Nabifo alisogeza kiti nyuma, kidogo tu, kama mtu aliyesikia kishindo uani. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili hicho hicho, kilichopata kutu kwa kukosa kutumika.

"Miaka tano nakula na wewe sahani moja."

"Ndiyo, Madamu."

"Mimi siwezi sema nafurahi. Usiniulize kama nafurahi." Akafungua mtoto wa meza, akatoa funguo za gari, akaziweka juu ya meza badala ya kumpa mkononi. "Wamboga narudi Mbale leo. Enda na yeye. Karatasi yetu imedanganya, enda toa uongo yetu."

Njiani, kupitia Tororo, Wamboga aliendesha mpaka walipouona mlima. Kisha akasema, "Kwa hiyo jozi ilikuwa ya kweli na ya uongo kwa pamoja."

"Ndiyo."

"Hilo sijui ningeliandikaje kwa lugha yoyote," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na haraka.

Nakaloke walifika alasiri. Hawakuhitaji kuuliza sana. Kwenye nyumba ya bati nyuma ya soko, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni, sufuria kubwa zilikuwa mafigani, na sauti za watu wengi zikisoma pamoja zilitoka ndani. Mastula alivua kandambili zake akaziweka na nyingine. Mwanamke mmoja pale mlangoni akamsogezea nafasi.

"Karibu, dada. Wewe ni wa marehemu?"

"Mimi wa marehemu," alisema. Hakuona jibu lingine.

Upande wa wanawake, karibu na ukuta, aliketi mwanamke wa miaka ishirini na tatu, mtandio mweupe mpaka kwenye nyusi. Mbele ya magoti yake, juu ya mkeka, ilikuwa karatasi ya Ofisi ya Waliopoteana, imekunjuliwa, mhuri ukiwa juu. Pua ilikuwa ya mama yao. Mastula alitembea kati ya magoti ya watu, akaketi kando yake.

Ramula aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Akamtazama usoni, akatazama kovu la kidevu la tangu utotoni, akarudisha macho kwenye karatasi. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Mastula kuliko kelele.

"Nilijua utakuja," alisema Ramula kwa sauti ya chini. "Mama alikuwa anasema marehemu wao nakuja siku ya dua yao. Kaa. Usiseme kitu. Usitishe watu."

"Ramula, mimi mzima."

"Yote nasema hivyo." Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. "Nimekusomea, nimekupikia. Mimi sina deni. Wakimaliza, wewe enda pole pole, sawa?"

"Siendi."

"Nyamaza, dada yangu. Shehe naanza."

Shehe aliinua mikono. Chumba kizima kikainua mikono. Alimwombea rehema Mastula binti Farajala, na watu wakaitikia amina. Aliomba kaburi lake lipanuliwe, lipate nuru, na watu wakaitikia amina. Hakuna mtu aliyewahi kumwombea Mastula vizuri namna ile. Alitaka kusimama aseme, lakini mbele ya mhuri ule na machozi yale hakuwa na ushahidi wowote. Kitambulisho mfukoni mwake kilisema Kagoya. Basi akainua mikono yake naye, na shehe aliposema asamehewe alichowakosea wenzake, akaitikia pamoja na wote, kwa moyo wote.

"Amina."

Ramula alishtuka kama aliyeguswa na maji. Aliteremsha mkono mmoja, polepole, akaushika wa dada yake kwenye kifundo, akaubana kwa vidole vitatu kama manesi wanavyofanya. Macho aliyafumba. Shehe aliendelea, watu wakaendelea kuitikia, na yeye hakuitikia tena. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Shehe," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia, "wacha kwanza. Mshipa yake napiga."